Mwaka Nilioshona Ngozi za Kuskusi

Wiki iliyopita tulimzika Petero. Nilikwenda kanisani kwa miguu yangu, mimi mwanamke wa Kiislamu niliyepita miaka themanini, nikakaa benchi la nyuma na mtandio wangu, na hakuna aliyeniuliza kama nimepotea njia. Baadaye, tulipokuwa uani kwake tunakunywa chai, mjukuu wake mmoja aliinama mbele yangu akauliza, "Bibi, we ulijuana na babu wapi?" Nikamjibu, "Jikoni." Vijana wakacheka, wakadhani pana siri ya ujana. Hapakuwa na siri ya namna hiyo. Petero alikuwa mtoto wa wavuvi aliyechoka kuloa, akaenda kuwa mpishi wa mzungu. Mimi nilikuwa fundi wa sindano katika nyumba hiyohiyo, na kwa mwaka mmoja tulikula sufuria moja. Sasa ameondoka, na jambo tulilolijua wawili limebaki kwangu peke yangu. Linanilemea, ndiyo maana naliandika.

Mwaka ule, katikati ya miaka ya hamsini, nilikuwa na miaka ishirini na miwili na nilikuwa nimeachwa. Nilikaa kwa mume miaka minne, sikushika mimba, nikarudishwa kwa baba na sanduku langu. Katika mtaa wetu wa Waswahili pale Gisenyi, mji wa kando ya ziwa, watu hawakulizunguka neno: nilikuwa Zaituni mgumba, na hata watoto waliotumwa chumvi walijua. Sikulia mbele za watu. Nilikaa kando ya cherehani ya baba, kwenye baraza ya duka, nikifanya kazi ya mkono ambayo macho yake yalikuwa yameanza kuikataa: pindo, vifungo, na mshono wa kuficha, ule ambao uzi hauonekani upande wowote. Baba hakuwa msemaji, lakini sheria moja ya ufundi aliirudia mpaka ikaniingia damuni. Mteja akileta nguo, tundu alilolitaja lishone, na asilolitaja lishone vilevile, kisha nyamaza. Kumwambia mtu nguo yake ilikuwa na tundu mahali fulani ni kumvua nguo barabarani. Mafundi wote wa mtaa wetu walikuwa hivyo, na wateja walitupenda kwa ajili hiyo.

Mzungu yule alikuja mwenyewe barazani, mzee mrefu, miwani mizito, kofia imekula jua. Alikuwa ameona pindo la gauni la mke wa daktari, akalipapasa, uzi hakuupata. "Nani alishonaka ile?" akauliza kwa Kiswahili chake cha Kongo. Baba akanionyesha kwa kidole. "Ni mutoto yangu." Mzee akasema, "Bon. Mi nataka yeye," na baraza zima likaangua kicheko, maana maneno hayo husemwa na mtu aliyeleta posa. Alipofunua gazeti alilolishika kwapani, kicheko kikakatika. Ndani mlikuwa na ngozi ya mnyama, kubwa kuliko paka, imeraruka ubavuni. Alikuwa na masanduku mengi ya ngozi kama hiyo, akasema, na mashua iliyoyaleta kutoka Bukavu ilikuwa imeingia maji. Baba alikwenda kwanza kumuuliza mwalimu wa msikitini, maana hatukujua wanyama hao walichinjwaje. Mwalimu akajibu kwamba ngozi iliyokwisha kutiwa dawa haina neno, mradi nisile nyama yake. Mtaa mzima ukapata cha kuzungumza, na mzee akapata jina: Bwana Manyoya.

Chumba chake cha kazi nakikumbuka kuliko chumba nilichoolewa. Kilitazama ziwa, na upepo wa asubuhi ulipovuma madirisha yalitetemeka. Meza ndefu katikati, kabati la droo nyembamba ukutani, harufu ya naftalini mpaka kwenye sukari. Siku ya kwanza alinikataza kulainisha uzi kwa ulimi, kwa kuwa ngozi zote zilipakwa sumu ili wadudu wasizile, na mimi niliyezoea kulamba uzi tangu utotoni nilihangaika juma zima kama niliyefungwa mkono mmoja. Wanyama wale hawakuwa wa kwetu. Aliwapata ujanani, alipokuwa akikusanya wanyama ili awaandike vitabuni, katika visiwa vya mbali upande jua linakotoka, na wote walikuwa wanyama wa juu ya miti. Aliowapenda zaidi waliitwa kuskusi, jina walilopewa na wenyeji wa huko: uso wa duara, mkia ambao ncha yake haina manyoya na hushika tawi kama mkono. Walikuwa kumi na wawili. Watano walikuwa na mabaka meupe, saba walikuwa wa rangi moja, kijivu. Nikaketi, nikaanza kushona. Nilishona ubavu, nilishona shingo, na kwenye tumbo la kijivu mmoja, pembeni mwa mshono wa zamani, nikakuta mpasuko mdogo wenye kingo laini ambao fundi aliyenitangulia hakuushona. Nikamdharau kidogo fundi huyo. Nikaufunga kwa mshono wangu wa kuficha, nikalaza manyoya juu, nikanyamaza. Katika wale saba nilikuta mipasuko hiyo kwa watano, na yote mitano nikaifunga hivyohivyo, na jioni nilirudi nyumbani nimeridhika.

Tatizo lake kubwa halikuwa kuraruka. Kila ngozi ilikuwa imefungwa kikaratasi mguuni chenye kisiwa, siku na kama ni dume au jike. Maji yalikuwa yamefuta wino mwingi na kuvifungua vikaratasi, vikalala chini ya sanduku kama maganda. "Ngozi bila karatasi haiko kitu," aliniambia. "Ni kama mutu amekufa njiani, hakuna anayejua kwao." Hapo ndipo nilipomsaidia kwa kitu ambacho yeye na vitabu vyake hawakukijua. Nilimwambia ngozi zile zilishonwa na mikono mitatu. Mkono mmoja ulivuta uzi kulia kwenda kushoto kwa mishono mirefu, wa pili ulipiga fundo mara mbili, wa tatu ulikuwa wa mtu mwenye haraka. Nikazipanga mezani mafungu matatu. Akaleta daftari lake la zamani, akaanza kusoma nani alifuatana naye kisiwa gani, na kila fungu likapata kisiwa chake. Alinishika mikono yote miwili na sumu yake, akacheka mpaka miwani ikaanguka. Sijawahi kusifiwa namna ile tena, na nikisema sikulewa sifa nitakuwa nadanganya.

Tangu siku hiyo alinifundisha. Alinionyesha mguu wa nyuma wa kuskusi, vidole viwili vimeungana ndani ya ngozi moja mpaka kwenye kucha. "Nani alivishona?" nikauliza. "Mungu," akasema, "na hakufunga uzi vizuri." Siku nyingine mkulima wa Kanzenze alileta komba hai ndani ya kikapu, akijua mzee atampenda, na kweli ukimtazama komba na mmoja wa wale wadogo wa visiwani utaapa ni mtu na ndugu yake: macho yaleyale, vidole vilevile, wote wa mitini. Bwana Manyoya akatikisa kichwa. Hao si ndugu, akasema, wamefanana kwa sababu wanafanya kazi moja. Ndugu yake kuskusi ni mnyama mkubwa wa nyikani asiyepanda mti hata kidogo, anayeruka kwa miguu miwili. Akaniambia pia kwamba wazungu wa kwanza kufika huko waliwapa wanyama majina ya nyumbani kwao. Mmoja wanamwita dubu mpaka leo wala hana undugu wowote na dubu. Niliyabeba maneno hayo mpaka nyumbani. Baba yangu aliandikwa kabila hili kwenye kitabu chake cha serikali, na ndugu yake wa tumbo moja akaandikwa kabila lile, na aliyewaandika ni karani mmoja, siku moja, kwa kalamu moja. Nilianza kuona kwamba mtu anaweza kuishi maisha yake yote ndani ya neno alilopewa na mgeni aliyekuwa na haraka.

Kilichomnyima usingizi Bwana Manyoya kilikuwa wale saba wa kijivu. Tangu ujanani alishikilia kwamba hao ni jamii yao peke yao, wanaokaa miti ileile na wenye mabaka bila kuoana nao. Mwenzake mmoja wa Ulaya alimcheka kwa maandishi: wenye mabaka ni waume, wa kijivu ni wake zao, basi. Vikaratasi vyenye jibu vilikuwa vimefutika. Siku moja alipapasa matumbo yao yote, taratibu, kwa vidole, maana macho yake hayakuona vizuri cha karibu. Aliinuka amebadilika. Kati ya wale saba, wawili ni majike, alisema, na watano ni madume. Madume wa kijivu! Basi si wake wa mtu. Alinikalisha kwenye kiti chake. Akaeleza kwamba kila mnyama kwenye vitabu vyao ana majina mawili, la kwanza la ukoo, la pili lake mwenyewe, na la pili huchaguliwa na aliyemtambua. "Mi nitamupa jina lako," akasema. Akaliandika kwenye karatasi: neno refu la ukoo, kisha Zaituni, na mwishoni akaongeza herufi mbili za Kilatini za kuonyesha kwamba mwenye jina ni mwanamke. "Watu watakufa, vitabu vitakaa. Miaka mia mbili watasema jina hii."

Sitaficha nilivyojisikia. Nilikwenda nyuma ya nyumba, ufukweni, nikalia kwa furaha. Mwanamke asiyezaa jina lake huishia kwenye kaburi lake, na mimi nilikuwa nimelijua hilo kila asubuhi kwa miaka minne. Sasa kungekuwa na viumbe wanaopanda na kushuka mitini, wanaozaa na kuzaana, na wote wangebeba jina langu. Mama alitangaza kabla sijavua viatu. Alikaanga vitumbua, akagawa nyumba hadi nyumba, na aliyekuwa mama mkwe wangu, alipopewa chake, akakigeuza mkononi akasema, "Kumbe we uzazi yako iko mu miti." Mama akamjibu, "Ndiyo, na yako iko mu mudomo." Mtaa ulicheka siku tatu. Mimi nilicheka zaidi ya wote.

Juma lililofuata mzee aliwaalika daktari na padri kula chakula cha mchana, ili awasomee makala yake kabla ya kuituma kwa mashua ya Jumamosi. Petero alipika samaki kwa nyanya na viazi vya Busasamana, na sisi wawili tulikula maharagwe jikoni, mlango umeachwa wazi kidogo. Kifaransa chake alikiokota kwa kuhudumia meza, na alinitafsiria huku anatafuna. Padri alikuwa anauliza kuhusu mimi: huyu mshonaji ni kabila gani? Daktari akasema Mswahili. Padri akasema hilo si kabila, ni lugha. Daktari akasema basi dini. "Banatafuta watakutia mu droo gani," Petero akanong'ona, na mchuzi ukamtoka puani kwa kicheko. Mimi nilicheka nusu tu. Kisha Bwana Manyoya akaniita nilete wale saba.

Niliwapanga mezani kati ya mikate. Alimshika mmoja wa wale wawili aliowaita majike, akanivuta mkono. "Weka kidole hapa, Zaituni. Sikia. Hii ndiyo mufuko. Mutoto anazaliwa mudogo sana, anapanda mwenyewe ndani ya manyoya ya mama, anaingia humu, anakunywa maziwa mpaka anakuwa mukubwa." Wawili wale mifuko yao ilikuwa imekauka na kufumba, ndiyo maana sindano yangu haikuiona. Niliingiza kidole. Nilikutana na ukingo laini, kisha ngozi nyembamba isiyo na manyoya. Nilikuwa nimeugusa ukingo huo mara tano kabla. Padri alikuwa anacheka kuhusu mnyama mwenye jina la Kiislamu, daktari alikuwa anainua glasi, na mimi nilisimama na kidole ndani ya mfuko wa marehemu, nikijua nilichokuwa nimefanya. Niliwafunga majike watano wakawa madume. Hapakuwa na jamii mpya. Walikuwa wake wa wale wenye mabaka, wote saba, kama alivyosema yule mwenzake wa Ulaya.

Jikoni nilimwambia Petero. Aliacha sahani ndani ya maji. "Yewe, Zaituni!" Akafunga mlango. "Sasa sikia mi. We nyamaza. Muzungu hapendake kukosolewa na mushonaji. Atakufukuza, atanifukuza na mi, atasema tulijua wote. Ile nyama ilishakufa, haina kesi." Halafu, kwa sauti ya chini, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, "Na jina yako je? Unataka mama yako azunguke tena akusanye vitumbua?" Nyumbani nilishindwa kula. Mama aliniona, akaniuliza mara mbili, na mara ya tatu akanirushia methali, "Mficha uchi hazai." Hakuwa na nia mbaya, ni methali ya kila siku. Akajisikia mwenyewe alichokisema, akashika mdomo. Nilikwenda kulala. Kwa siku tatu nilikaa mbele ya zile ngozi nikijifanya napiga mswaki manyoya. Nilijiambia sheria ya baba inanilinda, tundu halitajwi. Lakini sheria ya baba ilikuwa ya kumsitiri mwenye nguo, na hapa aliyesitiriwa nilikuwa mimi. Wale watano walikuwa wamebeba na kunyonyesha, na mimi, wa kwanza wa kujua uchungu wa neno unalobandikwa na wengine, niliwavua uzazi wao kwa sindano, kisha nikaupokea kama zawadi.

Niseme hapahapa yaliyofuata maishani, nisimsumbue msomaji. Sikuzaa. Niliolewa tena na mtu mwema aliyekuwa na watoto wake, na nikawalea. Bwana Manyoya aliondoka na masanduku yake mwaka ule ulipokwisha, na kama alimwandikia yule mwenzake, na alimwandikia nini, hakuniambia. Mtoto wa binti niliyemlea ametafuta kwa simu yake, ameniletea picha za kuskusi wa kila namna, mabaka na kijivu. Amesoma majina yao yote kwa sauti. Langu halimo.

Sasa nirudi kwenye siku zile: Ijumaa asubuhi, bahasha ya makala ikiwa tayari mezani, nilimwambia Bwana Manyoya akae. Sikuwahi kumwambia mzungu akae. Nikachukua wembe mdogo wa kufumulia, nikamlaza wa kwanza chali mbele yake. "Bwana, mi nilikosa," nikasema. "Nilifikiri ni tundu. Nilishona." Nikakata uzi, nikauvuta, na mfuko ukafunguka. Aliingiza kidole chake mwenyewe. Nikafumua wa pili, wa tatu, wa nne, na kila mara kidole chake kiliingia na kutoka polepole zaidi. Ndani ya wa tano kulikuwa na kitu. Alikitoa kwa koleo, akakiweka kwenye kiganja: kidogo, kikavu, hakikuzidi haragwe, na kilikuwa na miguu.

Petero alichungulia mlangoni, akarudi akinyata. Kisha mzee akakirudisha kile kitoto ndani ya mfuko kwa uangalifu mkubwa, akasogeza kikopo changu cha sindano mpaka kikagusa mkono wangu. Hakunitazama. "Shona tena, Zaituni," akasema. "Hakuna mutu atajua. Mi naenda kufa, na jina yako itabaki."

Aliniomba, hakuniamuru, na hilo ndilo lililoniumiza. Alikuwa mzee aliyeona maisha yake yanafumuka mezani, na alikuwa ananipa kile nilichokitaka kuliko kitu chochote duniani. Mkono wangu uliishika sindano. Naapa uliishika. Nikaitazama, nikaichomeka tena kwenye kikopo, nikafunga kifuniko. "Hapana, Bwana. Ile siku sikujua. Leo najua."

Alivua miwani, akafuta macho kwa mkono wa shati. Nilingoja anifukuze. Badala yake alifungua droo, akatoa vikaratasi vitano vipya vyenye nyuzi zake, akaviweka mbele yangu na kalamu yake juu yake. Mimi niliyejua kuandika vipimo vya suruali na si zaidi, niliandika kwa lugha yangu kwa sababu sikuwa na nyingine. Cha kwanza: jike. Cha pili: jike. Cha tatu, cha nne, jike, jike, na yeye akavipuliza wino ukauke, kimoja baada ya kingine, akavifunga miguuni. Cha tano nikaandika jike, nikachovya kalamu tena, na chini yake nikaongeza: ana mtoto.